Rangi ya Wagonjwa

Msomaji, usiitafute nchi hii kwenye ramani. Wachoraji wa ramani waliagizwa waifute mpaka itakapomaliza kupendeza, na kazi hiyo ya kupendeza bado inaendelea. Inatosha ujue kwamba ina ziwa kubwa, kubwa kiasi kwamba ukiwa katikati yake huoni ofisi yoyote ya serikali, na kwa sababu hiyo serikali haikuwahi kulipenda.

Katika ziwa hilo kulikuwa na meli ndogo moja tu. Watu wa visiwani waliiita Shangazi, kwa kuwa ilikuja na mizigo, ilipiga kelele kabla ya kufika, na haikumwacha mtu. Kila Jumatano na kila Jumamosi Shangazi ilizunguka mialo sita, yaani zile fukwe wanakoegesha mitumbwi na kuanika dagaa, ikibeba magunia, mbuzi, walimu, saruji, maharusi na wagonjwa. Nahodha wake alikuwa Masatu Lugembe, mtu mfupi mwenye shingo nene, aliyekuwa na tabia ya kumtazama mwenye cheo jinsi alivyotazama wingu: kwa makini, lakini bila hofu.

Mwaka huo serikali iligundua utalii. Baraza la Mawaziri lililetewa picha kutoka ng'ambo: meli ndogo nyeupe katikati ya ziwa, na juu yake wazee wenye kofia pana wakitazama mbali. Mawaziri waliiangalia picha hiyo kwa dakika arobaini. Mwishoni Mheshimiwa Pontiani Kigelulye, Waziri wa Mandhari na Furaha, akasema kwa sauti ya mtu aliyeguswa:

"Na sisi ziwa tunalo."

Maneno hayo yaliingizwa kwenye kumbukumbu kama uvumbuzi, na Mheshimiwa akavishwa nishani.

Shangazi ikavutwa nchi kavu kwa miezi minane. Mabenchi yaling'olewa. Kile chumba kidogo chenye kitanda cha wagonjwa kikawa chumba cha kusugulia nyayo. Juu ya sitaha lilijengwa bwawa la kuogelea, ili watalii wasipate taabu ya kuogelea ziwani. Kisha meli ikapakwa rangi nyeupe na kuitwa MV Burudani, na ubavuni pake pakaandikwa kwa herufi ndefu: ZIWA LETU, MACHO YAO.

Watu wa visiwani walituma ujumbe kuuliza wao sasa watasafiri kwa nini. Jibu lilikuja likiwa na mihuri mitatu. Lilisema: "Ninyi ni mandhari. Mandhari haisafiri."

Katika miezi hiyo minane wagonjwa wa visiwani waliendelea kuugua bila kibali. Walivushwa kwa mitumbwi kwenda hospitali ya bara, siku nzima ya makasia, juani. Sita hawakufika. Wizara haikuwahesabu, kwa sababu Wizara ilikuwa ikihesabu ndege wa majini.

*

Kikao cha maandalizi ya safari ya kwanza kilifanyika katika ukumbi usio na dirisha upande wa ziwa, ili wajumbe wasipoteze mada. Watalii wenyewe walikuwa hawajafika. Walikuwa wameandikiwa barua. Kwa hiyo maofisa kumi na wanne waliteuliwa kuwa Watalii wa Majaribio, wakapewa kofia, kaptula na darubini, wakafundishwa kuongea kwa pua. Kila mmoja alikabidhiwa Fomu ya Kushangaa, na agizo lilikuwa kushangaa mara tatu kwa saa, isipokuwa wakati wa chakula.

"Kila mwalo," akasema Mheshimiwa Kigelulye, "utapelekewa vitambaa vyeupe mia mbili. Meli ikipita, wananchi wote watavipunga kwa furaha isiyopungua dakika sita. Mazoezi yatasimamiwa na watendaji wa vijiji."

Masatu, aliyekuwa ameitwa ili apewe sare mpya, akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, vyeupe haiwezekani."

"Unapinga furaha, Nahodha?"

"Furaha siipingi. Ila kwenye ziwa hili, kitambaa cheupe ni mgonjwa. Kikipungwa ufukweni, chombo chochote kikikiona kinasimama, kinamchukua. Hata uwe na haraka ya namna gani. Ndiyo sheria."

"Sheria namba ngapi?" akauliza Mwanasheria wa Wizara, akifungua kitabu.

"Haina namba. Ilikuwapo kabla ya namba."

Ukumbi ukacheka, lakini Masatu hakucheka. Akawasimulia habari za Bulemo, nahodha aliyemfundisha kazi, ambaye siku moja alikipita kitambaa kwenye mwalo wa Lwanzi kwa kuwa alikuwa amechelewa. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna mtu wa ziwa aliyemwamkia. Hakuna aliyemuuzia hata ndimu. Injini yake ilipozima katikati ya maji, mitumbwi mitatu ilimzunguka, ikamtazama, ikaenda zake.

"Ushamba mtupu," akasema Mwanasheria.

"Kuanzia Alhamisi," akasema Waziri, "kitambaa cheupe kinamaanisha karibu. Imeshachapishwa kwenye gazeti la serikali."

"Sawa. Na wagonjwa wapunge nini?"

Swali lilikuwa na haki zote za kuitwa swali. Mjumbe mmoja akapendekeza kijani. Akakumbushwa kwamba kijani ni ya chama, na mgonjwa anaweza kufa akiwa amejifanya mwanachama. Mwingine akasema nyekundu. Ikakataliwa, itawashtua wawekezaji. Njano ilikuwa rangi ya vilemba vya mke wa Rais. Nyeusi inakatisha tamaa. Bluu haionekani juu ya maji, na aliyesema hivyo akapigiwa makofi kwa mchango wa kisayansi. Mwishowe ikaundwa Kamati ya Rangi ya Wagonjwa, itoe taarifa baada ya miezi kumi na minane. Mpaka hapo wagonjwa walishauriwa kutumia subira, ambayo ilionekana haina rangi na kwa hiyo haigombani na mtu.

Masatu akasimama. Sare mpya ilikuwa imembana shingoni.

"Mimi nawaambia mapema, msije mkasema sikusema. Nikiona cheupe, nasimama."

Karani wa kikao akaandika: *Nahodha alionyesha moyo wa kujituma.*

*

Alhamisi asubuhi MV Burudani iling'oa nanga kwa bendi na hotuba. Safari ilikuwa kuzunguka mialo yote sita bila kugusa ufukwe, halafu kurudi bandari kuu saa tisa alasiri, ambako Rais angekata utepe. Watalii wa Majaribio walipanga viti kuzunguka bwawa, wakaanza kushangaa kwa zamu.

Mwalo wa kwanza ulikuwa Kamasi. Kwa mbali ufukwe wote ulionekana umechemka weupe. Masatu akainama kwenye bomba la kuongelea lililoshuka mpaka chumba cha injini, ambako Bi Nyanjige, fundi mkuu, alikuwa amekaa na oili mpaka viwikoni.

"Dada Nyanjige, punguza."

"Umeona cheupe?"

"Nimeona vyeupe mia mbili."

"He! Kijiji kizima kinaumwa?"

"Sijui. Ndiyo tukaulize."

Meli ikageuka, ikaenda ikasimama. Watu wa Kamasi waliacha kupunga, wakabaki na mikono hewani. Mzee mmoja akaingia majini mpaka magotini.

"Nahodha, tuliambiwa hamsimami!"

"Mmepunga. Mgonjwa yuko wapi?"

"Aah, tumelazimishwa tu, bwana. Tunafurahi hapa tangu alfajiri, mabega yanauma."

"Kwa hiyo hamna mgonjwa?"

Mzee akatazama nyuma. Watu wakatazamana.

"Ila," akasema taratibu, "ukiuliza hivyo, yupo Bibi Lwiza ana jipu wiki ya pili. Na mke wa Mugeta homa haishuki. Na mwalimu amevunjika mkono, mkono wenyewe wa chaki."

"Walete."

Mheshimiwa Kigelulye, aliyekuwa chini akila, alipanda juu mbio akakuta umati. Umati ulikuwa umekusanyika. Kwa Waziri hiyo ilikuwa na maana moja tu. Akatoa hotuba. Alipomaliza, watu kumi na tisa walikuwa wameshapanda, na akaambiwa ni wageni waalikwa. Mtalii Namba Tisa akajaza fomu yake: *Nimeona bibi mwenye jipu. Nimeshangaa.*

Mwibungu ikawa vilevile. Lwanzi vilevile. Busera walipanda watu thelathini, na mbuzi wawili waliodaiwa kuwasindikiza. Kila mahali vitambaa mia mbili, kila mahali meli ikasimama, kila mahali Waziri akahutubia. Hotuba ya nne ilikuwa na sauti ya kukwaruza na sehemu ya wanyamapori ilikuwa imerukwa yote. Bibi Lwiza alikuwa amelazwa katika chumba cha kusugulia nyayo. Mbuzi walikuwa wakinywa maji ya bwawa. Watalii wawili, walipoona jamaa zao wa Busera wamekaa sakafuni, walisahau kuongea kwa pua, wakauliza habari za nyumbani.

Walipotoka mwalo wa tano, Waziri akapanda kwenye chumba cha usukani. Nyuma yake alikuwa afisa wake wa usalama, kijana mpana ambaye hakuwa akivua miwani myeusi hata akiwa ndani.

"Nahodha, sasa ni saa saba na nusu. Rais atasimama kwenye utepe saa tisa kamili. Umenielewa? Rais atasimama!"

"Umebaki mwalo mmoja tu, Mheshimiwa. Nkuvi."

"Nkuvi tunapita. Hii ni amri. Ukisimama Nkuvi, leseni yako naichana mimi mwenyewe mbele ya bendi, na hutashika usukani wa chombo chochote katika nchi hii mpaka unazikwa."

Masatu alikuwa na miaka ishirini na sita kwenye usukani ule. Hakuwa na kazi nyingine, wala hakuwahi kuitamani. Akaweka macho mbele, ambako kisiwa cha Nkuvi kilikuwa kinapanda kutoka majini, na miamba yake ya kushoto kama kawaida imeficha vichwa.

*

Nkuvi haikuwa nyeupe.

Masatu alidhani macho yamechoka. Akachukua darubini ya Mtalii Namba Nne, aliyekuwa hapo mlangoni, akatazama. Watu walikuwapo, ufukwe mzima, wake kwa waume, wamesimama kimya. Vitambaa vyao walikuwa wamevifunga viunoni. Hakuna mkono uliokuwa hewani ila mmoja. Mwanamke mmoja, pembeni kabisa, alikuwa amefunga kitambaa kwenye ncha ya kasia na alikuwa akikipunga polepole, kama mtu ambaye amepunga muda mrefu na bado ana muda mrefu wa kupunga.

"Wamegoma!" Waziri akafoka. "Kisiwa kizima kimegoma kufurahi! Andika majina yao!"

"Hawakugoma, Mheshimiwa," akasema Masatu. "Hao ndio wa kwanza kusema leo."

Akaanza kugeuza usukani.

"Mwondoe!" Waziri akamwamuru afisa wa miwani. "Shika wewe, tupite moja kwa moja!"

Masatu akaachia usukani, akarudi nyuma hatua mbili, akafunga mikono kifuani. Hakubishana hata kidogo. Afisa akashika. Alishika kama anavyoshikwa mtuhumiwa. Usukani ukamzunguka mkononi, akauvuta, meli ikaitika kwa kulala upande wa kushoto. Chini sahani zikavunjika. Maji ya bwawa yakamwagika yakawachukua Watalii watatu na kofia zao.

Sauti ya Bi Nyanjige ikatoka kwenye bomba: "Kaka Masatu! Nani anaendesha huko, mbuzi?"

"Ni serikali, dada."

"Iambie kushoto ni mawe!"

Afisa akavua miwani. Kwa mara ya kwanza watu wakayaona macho yake, na yalikuwa makubwa. Mbele ya pua ya meli maji yalikuwa yakivunjika juu ya kitu cheusi.

"Mzee," akanong'ona, "Mzee, chukua. Tafadhali."

"Muulize Waziri."

"Mheshimiwa!"

Waziri alikuwa amekumbatia nguzo. "Mpe!" akapiga kelele. "Mpe mwenyewe!"

"Nikishika," akasema Masatu, bado mikono kifuani, "naenda Nkuvi. Mseme mmesikia."

"Tumesikia! Tumesikia!"

Akashika. Meli ikajinyoosha, ikapita mawe kwa upana wa mlango, ikaenda kule kulikokuwa na kasia.

Mama mmoja mpana, Bi Tekla, mwenye kichanja cha kuanikia dagaa, ndiye aliyeupokea ubao wa kushukia.

"Shikamoo Nahodha. Tuliogopa utadhani tumekasirika."

"Marahaba. Mbona hamkupunga?"

"Tukipunga wote utamjuaje mwenye shida? Tukasema, vitambaa viunoni, abaki mmoja."

"Nani mgonjwa?"

Bi Tekla akakunja midomo. "Mtendaji."

"Katabaro? Yule wenu wa kijiji?"

"Yule yule. Jana katusimamisha juani kuanzia asubuhi hadi adhuhuri tukijifunza kupunga. Aliyepunga bila meno kuonekana alirudia. Usiku wa kuamkia leo tumbo likamkaza kama ngoma, na sasa hata kulia hawezi. Yule mwenye kasia ni mke wake."

"Na mkamfanyia hivi, mtu aliyewatesa?"

"Wapo waliosema tupunge wote, tumpoteze humohumo." Akatema mate pembeni. "Nikawaambia, siku kitambaa kikianza kuuliza jina la mtu, hapa hatutabaki na ziwa, tutabaki na maji tu."

Wanaume wanne wakamleta Severini Katabaro juu ya wavu. Alikuwa na rangi ya majivu. Alipompita Waziri alijaribu kunyanyua mkono wa kuume, na wabebaji hawakujua kama alitaka msaada au alikuwa anapiga saluti.

*

MV Burudani ilifika bandari kuu saa kumi na moja jioni. Bendi ilikuwa imelala. Rais alikuwa ameondoka na mkasi. Watu mia na arobaini walishuka, wagonjwa kwanza, na Katabaro akapasuliwa jioni ileile. Daktari alisema wangechelewa saa moja zaidi, wangepasua maiti kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Baada ya wiki tano Masatu aliitwa mbele ya Tume ya Uchunguzi. Shitaka lilikuwa kutumia chombo cha starehe kusafirishia watu. Fomu za Kushangaa zililetwa kama vielelezo, lakini zikaondolewa upesi, kwa kuwa Watalii wote kumi na wanne walikuwa wameandika mambo ya kweli.

Shahidi mkuu wa serikali aliingia akitembea taratibu, ameshika ubavu. Alikuwa Severini Katabaro, aliyepandishwa cheo. Mkononi alikuwa na karatasi moja iliyopigwa chapa.

"Soma," akasema Mwenyekiti wa Tume.

Katabaro akasoma. Karatasi ilisema kwamba siku ile kisiwani Nkuvi hapakuwa na dharura yoyote. Kwamba aliyepunga alipunga kwa furaha. Kwamba meli haikupaswa kusimama. Alisoma mpaka mwisho bila kuinua uso, akaikunja karatasi mara nne, na ilikuwa ndogo sana alipomaliza kuikunja.

Nyuma ya ukumbi walikuwa wamekaa watu wa Nkuvi, waliokuja kwa mitumbwi. Bi Tekla akasimama. "Severini! Na lile tumbo ulilokuja nalo lilikuwa la nani, la jirani?"

"Kimya!" akasema Mwenyekiti. "Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?"

"Swali sina," akasema Masatu. "Nina neno."

Akasogea mpaka walipokuwa uso kwa uso. Katabaro alitazama viatu vyake.

"Bwana Katabaro, sikusamehe. Ulilolisoma hapa ni uongo, na unalijua, na mshono wako unalijua. Lakini nataka ulisikie hili mbele ya hawa. Hata siku ile ningejua kwamba utakuja kusoma hiyo karatasi, ningesimama. Na kesho ukiugua tena, mkeo akipunga, nitasimama tena."

Katabaro akaitia ile karatasi mfukoni.

Mwenyekiti akagonga meza. "Mshtakiwa anajisahau. Leseni yake imefutwa asubuhi hii. Kesho hana meli ya kusimamisha."

"Basi nitapiga makasia," akasema Masatu.

Akavua ile sare ya kubana shingo, akaitandika juu ya meza ya Tume, juu ya mihuri yao, akatoka na fulana yake kuelekea kwenye mitumbwi ya Nkuvi. Bi Tekla alikuwa ameshatangulia kumtafutia nafasi ya kukaa mbele.